Pindo la Jivu

Shangazi wa bwana harusi alikuwa amelinyanyua dera la tatu juu ya kichwa chake wanawake wote walione, na vigelegele vilikuwa vimeshapanda hadi kwenye mabati ya jirani, pale Mwantumu Semboja alipotupa jicho kwenye pindo la nguo yake mwenyewe akaona kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo.

Mstari wa jivu. Mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo, lakini upo.

Akatazama pindo la mwanamke wa kushoto. Upo. Wa kulia, upo. Akatupa macho ua mzima: wanawake tisini na ushee wamejipanga kwenye mikeka, wamevaa sare moja, manjano ya embe bivu kuanzia mabegani hadi miguuni, na kila pindo lina mstari ule ule, kana kwamba wote wamepita kwenye jiko lililozimwa jana.

"Shoga," jirani yake akamnong'oneza huku anatafuna kaimati, "hii nayo fasheni mpya, au kuna mtu ana lake moyoni?"

"Fasheni," akasema Mwantumu.

Alikuwa hajui kudanganya hata kidogo, na sare ingemuumbua palepale, kama si kwamba sare haimuumbui mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, na yeye ndiye aliyeifuma.

Mambo yalianza bahari ilipopanda ikaimeza nusu ya Tanga. Watu wakahamia Muheza na vitu viwili ambavyo maji hayakuviweza: lafudhi yao na maringo yao. Mwantumu akabeba na cha tatu, chupa ya mwani kutoka chemchemi za moto za Amboni. Mwani ule ulikuwa na tabia ya ajabu. Ukionja jasho la mtu mwenye furaha, hugeuka manjano. Jasho la hasira, nyekundu ya nyanya. La hofu, jivu. Mwantumu akaulisha kwenye pamba, akapata uzi, akafuma kitambaa, akawavalisha wageni wa harusi moja. Kila nguo ikatangaza ya mvaaji wake. Harusi ile ilifunga ndoa moja ikavunja tatu za watu wengine, na mpishi akakimbia akaiacha sufuria ya pilau jikoni, kwa hofu ya kuulizwa kwa nini gauni lake linawaka kila bwana fulani akipita.

Basi akarudi kwenye mtambo wake, akafundisha nyuzi kusikilizana. Tangu hapo, nguo haisemi ya mwenye nguo. Kila nguo humwaga kilichomo ndani yake kwenye chungu kimoja kisichoonekana, kisha zote hupakua kutoka chungu hicho hicho. Ukiitazama sare unaona moyo wa mkusanyiko, huoni moyo wa jirani. Wanawake waliipenda mpaka wakaitumia pasipotarajiwa. Walikwenda nayo kwenye mkutano wa maji, wakakaa kimya kabisa, bila hata mmoja kunyoosha kidole. Mwenyekiti akatazama wekundu ule wa nyanya safu kwa safu, akakunja hotuba yake akasema atarudi siku nyingine. Wakubwa wakapiga marufuku sare mikutanoni. Harusini walishindwa, maana na wake zao walikuwa humo.

Sasa wewe piga hesabu. Mtu mmoja akiwa na wasiwasi mdogo kati ya watu tisini wenye furaha, wasiwasi wake huzama usionekane, kama chumvi ya ncha ya kidole kwenye pipa. Ili mtu mmoja atie mstari kwenye mapindo ya watu tisini, hofu yake lazima iwe ya kumsahaulisha jina lake. Na alikuwa amekaa humu humu, kwenye mkeka, anapiga vigelegele na wenzake.

Mwantumu akautazama mstari. Ulikuwa umenenepa.

*

Bi Sihaba, huyo shangazi, alishusha dera taratibu. Dera lenyewe lilikuwa la aina yake: pindoni limeshonewa shanga za risasi, kwa sababu bwana harusi alikuwa fundi wa Kituo cha Angani, na kule juu hakuna uzito, mwanamke akigeuka ghafla, dera linampanda hadi masikioni. Ndani ya begi walilomletea biarusi mlikuwa pia na wanja wa kukamua kwenye mrija usielee, na udi wa kunusa bila kuchomwa, kwa kuwa kule moto ni mwiko. Nusu ya wageni walikuja kuona begi hilo tu. Biarusi, Nuzulati, angekuwa binti wa kwanza wa Muheza kwenda kuishi juu ya mawingu.

"Nani anaogopa hapa?" akauliza Bi Sihaba.

Vigelegele vikakatika.

"Mimi, namuogopa mkwe wangu!" ikapazwa sauti kutoka nyuma. Ua ukacheka, manjano yakang'aa. Mstari haukutikisika.

"Sicheki, nyie." Bi Sihaba alikuwa na sauti ya watu waliofundisha chekechea maisha yao yote: haikupanda, ilisogea tu karibu na sikio lako. "Mke wa kaka yake bwana harusi, binti wa kwingine, tulimpandisha huko akiwa anacheka. Tulisema ana furaha. Kumbe alikuwa anatucheza shere, na sisi tulikuwa tunataka kuchezwa. Alilia miaka miwili, mpaka chombo cha kushuka kiliporudi. Na machozi kule hayadondoki. Yanajikusanya machoni kama povu la sabuni mpaka uyafute. Nimeyaona kwenye picha. Sipeleki mwingine. Kama mnajua kuwa mtoto wenu anaogopa na mnanificha, semeni, nifunge begi langu tuagane vizuri."

"Mtoto wetu yuko ndani, hajavaa sare," mama yake biarusi akajibu, kidevu juu. "Hofu hii si yake."

"Basi ni ya mtu anayejua jambo lake. Mwantumu, si wewe fundi? Toa hicho kitana chako."

Macho yote yakamgeukia. Kitana cha shaba kilikuwa kwenye mkoba wake, cha kurekebishia nyuzi zilizochanganyikiwa. Ukikipitisha juu ya kitambaa, kinakuonyesha nguo ipi imemwaga nini kwenye chungu. Hakuwahi kukitumia kwa kazi hiyo.

"Siwezi, Shangazi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Mwanangu." Bi Sihaba akasogea. "Kuna mtu humu anaogopa kiasi cha kututia rangi sote. Huoni ni vizuri tumjue, tumsaidie?"

Hilo lilimchoma Mwantumu, kwa sababu lilikuwa kweli. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba, tusidanganyane, yeye ndiye aliyetaka kujua kuliko wote waliokuwepo. Vidole vilimwasha. Ni kukipitisha mara moja tu, harusi iendelee.

"Nikimtaja mmoja leo," akasema, "kesho mtakuja mmevaa nguo za dukani, kila mtu na uso wake wa kukodi. Akitaka kusema, atasema."

"Haya. Kaa na kitana chako." Bi Sihaba akajifunga kibwebwe. "Mimi nilikuwa najua nani kaficha chaki bila kumpekua mtoto mfukoni. Upande wa bwana harusi, simameni! Nendeni nyuma ya ukuta wa jiko."

Wakaenda. Nyuzi hazisikilizani kupitia ukuta wa tofali. Waliokwenda jikoni mapindo yao yakatakata, na waliobaki uani wakaona jivu linapanda ghafla hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Ahaa," akasema Bi Sihaba.

Mwantumu akaukumbatia mkoba wake. Miaka yote ile alikuwa amekaa mkao wa kupigana na mitambo: wataalamu kutoka mjini walileta mashine zao za kusoma uzi wakatoka mikono mitupu. Hakuwahi kufikiria kwamba siri yake ingefunguliwa na wanawake kuambiwa wasogee.

"Wa mikeka ya kulia, na nyie nendeni jikoni. Haya, na hawa mashoga wa mlangoni. Bibi, na wewe nyanyuka, nitakushika mkono."

Ilikuwa imegeuka mchezo. Waliotakata walichungulia juu ya ukuta wakibashiri kwa sauti. "Ni yule wa kilemba!" "Mwongo, huyo anaogopa nini, na meno yake yote ya dhahabu!" Kila kundi lilipoondoka jivu lilipanda: magotini, kiunoni. Mwishowe, ukiwaacha Bi Sihaba na Mwantumu, wakabaki wanne chini ya turubai, jivu hadi kifuani: wapishi wawili wa pilau, mama mkubwa wa biarusi mwenye goti bovu, na Kibibi.

Kibibi alikuwa mpambaji, na alikuwa shoga wa Mwantumu tangu wakiwa wanapakana masizi ya chungu kama wanja. Alikuwa ameshinda chumbani na biarusi tangu alfajiri akimchora piko na kumpaka poda. Uso wake mwenyewe ulipakwa kwa ustadi hivi kwamba usingekuambia lolote. Lakini mkononi alishika brashi yake ya poda, na alikuwa akiing'oa unyoya mmoja mmoja bila kujua.

Mwantumu akazitazama zile nyoya zikianguka.

"Sasa wawili wawili," akasema Bi Sihaba.

"Nyoka!" Mwantumu akapiga ukelele. "Nyoka chini ya mkeka! Koboko! Mamaaa!"

Lililofuata halina mpangilio wa kusimulia. Wa nyuma ya ukuta waliuruka ukuta kuja uani ili wamkimbie nyoka aliyekuwa uani. Mama mkubwa mwenye goti bovu akapatikana juu ya tangi la maji, na mpaka leo hajui alipandaje. Bi Sihaba mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya begi lake, katikati ya madera, ameshika sandali kama panga. Na wanawake tisini na ushee walikuwa jivu tupu kutoka shingoni hadi miguuni, wote, sawasawa, hakuna mtaalamu wala mwalimu wa chekechea duniani ambaye angeweza kusema hofu ipi ni ya nani.

"Yuko wapi?"

"Kaingia huku!"

"Mweusi?"

"Mweusi! Ana kilemba!"

Kibibi alikuwa amemkamata Mwantumu mkono na kumvuta kwenye ukumbi wa nyumba.

*

"Ni mimi," akasema, mgongo umeegemea mlango wa chumba cha biarusi.

"Nimekuona. Sikukuuliza."

"Niulize basi, nitapasuka!" Akavuta pumzi. "Lile vumbi linalobaki chini ya mtambo wako. Linang'aa, Mwantumu. Nilichota. Nikalichanganya kwenye poda, nikasema huyu mtoto ndiye wa kwanza kwenda juu, atoke uso kama nyota. Nimempaka usoni mote, nikamfunika mtandio, nikatoka kuchukua chai. Narudi, namfunua nimnyweshe: shavu hili manjano, hili jivu, na kidevu chekundu kwa sababu kaka yake alipita dirishani akamtania. Nikaona dunia imenigeukia. Nikamfunika, nikaja kukaa uani kama sina langu."

Mwantumu alikaa kwenye kigoda cha ukumbini. Uzi unahitaji urefu wa mkono hivi ili usikilizane na wenzake. Ukisagika vumbi, hauna wenzake. Unabaki na tabia yake ya mwanzo kabisa: unaonja jasho la aliyeuvaa, unasema lile lile.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Si unajua masharti yangu, biarusi hapewi kioo mpaka nimalize." Kibibi akatoa kwenye mkoba wake ndimu mbili na kichupa cha mafuta ya nazi, akamshikisha. "Hivi vinalitoa, ulinionyesha mwenyewe. Ingia umwoshe. Mwambie poda imeganda. Akitoka vile, na yule mama kasema akiona hofu anafunga begi... Mwantumu, nitamvunjia mtoto harusi kwa brashi!"

Mwantumu aliinuka, akashika kitasa, na hapo akasita. Dakika chache zilizopita alikuwa amesimama uani mbele ya watu wote akigomea moyo wa mtu kufunuliwa bila ruhusa yake. Sasa alikuwa na ndimu mkononi, anakwenda kuuficha moyo wa mtu bila ruhusa yake. Alijaribu kuona tofauti. Alijaribu kwa bidii, kwa sababu tofauti hiyo ingemfaa sana wakati ule.

Akaingia.

Nuzulati alikuwa ameketi kitandani, mtandio mwekundu umemfunika hadi kiunoni, mikono yenye piko imelala mapajani. "Nyoka kapatikana?"

"Hakuna nyoka, mdogo wangu. Nimemtunga." Mwantumu akaweka ndimu na mafuta juu ya kitanda, akamweleza yote, bila kupunguza.

Chini ya mtandio mikono ikapanda hadi mashavuni.

"Kwa hiyo uso wangu unasema."

"Unasema."

"Unasema nini?"

"Sijui. Sijakufunua. Mwenye uso ndiye wa kwanza." Akampitishia kioo cha Kibibi chini ya mtandio, kisha akageuka akatazama ukuta. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya machungwa. Aliyatazama machungwa yale moja moja, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya maishani ikawa ngumu kama ile ya kutogeuza shingo. Kibibi, pale mlangoni, alikuwa ameziba macho kwa brashi iliyobaki na unyoya kidogo.

"Dada Mwantumu," ikaja sauti, polepole. "Jivu nimeliona, liko hapa kwenye paji. Dogo. Manjano nayo yapo. Hii nyingine ni ya nini?"

"Ikoje?"

"Haisemeki. Geuka."

Akageuka. Nuzulati alikuwa ameuvua mtandio. Kwenye mashavu yake, kuzunguka macho hadi kwenye masikio, palitanda rangi kama shingo ya njiwa manga: ukiitazama huku kijani, ukiinamisha kichwa zambarau, na ikitembea. Mwantumu alipekua kumbukumbu zake zote, chupa zote, majaribio yote, harusi, misiba, mikutano ya maji.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuiona."

"Wewe fundi hujawahi?"

"Wallahi."

Nuzulati akacheka kidogo, na rangi ikapiga wimbi. "Wiki nzima wananiuliza. Una furaha? Nasema ndiyo. Unaogopa? Nasema hapana. Nilikuwa najua nadanganya, ila ukweli wenyewe sikuwa naujua niuseme." Akajitazama tena, upande huu, upande ule. "Kumbe ni hii."

"Ndimu hiyo hapo," akasema Mwantumu. "Inatoka haraka, hatutasema neno. Au tunasema unaumwa kichwa."

"Na nikitoka hivi?"

"Shangazi Sihaba anaweza kufunga begi akarudi nalo."

"Anaweza." Nuzulati akaingiza miguu kwenye viatu. "Dada Kibibi, acha kulia, utauharibu na wewe uso wako. Hebu ninyooshe hapa nyusi."

*

Uani walikuwa wamerudi kwenye mikeka, nguo zinarudi manjano taratibu kama maji yanayotulia, na Bi Sihaba alikuwa ameshatoka begini anakung'uta madera. Biarusi alipotokea mlangoni bila mtandio, kigelegele kilianza mahali fulani kikafia njiani.

Mama yake alisimama. "Nuzu! Uso umefanywa nini?"

"Umepakwa uzi wa sare, mama, ila huu ni wangu peke yangu. Nimeruhusu." Akatembea katikati ya mikeka mpaka mbele ya Bi Sihaba. "Shikamoo, Shangazi. Uliuliza nani anaogopa. Mimi naogopa kidogo, jivu liko hapa," akagusa paji. "Silifichi."

Bi Sihaba alivaa miwani. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa jua, akatazama kama anavyotazama mtu kitambaa kabla ya kukinunua.

"Jivu nalijua," akasema. "Manjano nayajua. Hii ni nini?"

"Sijui, Shangazi."

"Hujui?"

"Inakuja nikifikiria kule juu. Jinsi maji yanavyokaa bila kikombe. Muheza itaonekanaje, kama itaonekana. Kama nikigeuka ghafla dera litafanya nini." Rangi ilikimbia hadi shingoni. "Fundi naye haijui. Nimemuuliza."

"Yule aliyekwenda kwanza," Bi Sihaba akasema taratibu, kwa yeye mwenyewe zaidi, "tulimtazama mavazi tu. Hatukumuuliza hata hili." Akainama karibu zaidi, mpaka pua yake ikakaribia shavu la biarusi. Wa mkeka wa mbele wakainama. Wa nyuma wakasimama, wa nyuma yao wakapanda kwenye viti. Mama mkubwa alianza kushuka kutoka kwenye tangi ili aone vizuri. Ua mzima ulinyoosha shingo, midomo wazi, kila mmoja akiinamisha kichwa huku na huku kuikamata rangi ile inapogeuka.

"Nyie!" Mpishi mmoja ndiye aliyeona. "Hebu tazameni chini!"

Wakatazama. Kwenye mapindo ya nguo zote, la Bi Sihaba likiwa la kwanza, kijani kilikuwa kinapanda kikigeuka zambarau, zambarau ikigeuka kijani, magotini, kiunoni, hadi mabegani. Mwantumu akatazama mikono yake mwenyewe, mikono ya nguo aliyoifuma kwa vidole vyake, na hakuwa na jina la kuipa.

Bi Sihaba alilitazama gauni lake. Kisha akachutama kwenye begi, akatoa dera lenye shanga za risasi, akalikung'uta, akampima nalo biarusi mabegani.

"Geuka tulione linavyokaa," akasema. "Na ukishajua hiyo rangi ni ya nini, usitufiche. Upige simu."